Namna ya Kupiga Muziki wa Watu kwenye Tovuti Yako Bila Kumlipa Mtu

Hoteli yako ya Diani imepata tovuti mpya. Picha za ufukwe zipo, bei kwa dola ipo, kilichobaki ni muziki wa kumlaki mgeni pindi anapofungua ukurasa. Utachagua "Jambo Bwana", bila shaka. Kila mwenye hoteli huuchagua, na kila mmoja hujiona wa kwanza.

Anza kwa kujiaminisha kwamba wimbo huo uliota wenyewe pwani kama mkoko. Atakayekuletea habari za Teddy Kalanda Harrison, aliyeutunga, au za Them Mushrooms, waliokuwa wakiwapigia watalii kwenye hoteli za pwani hiyo hiyo, mwagizie madafu anyamaze. Boney M. waliurekodi upya mwaka 1983, lakini hao ni kundi la Ujerumani, walikuwa na pesa za kutafuta mwenyewe ni nani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi uhai wake wote na miaka 50 juu yake. Wewe sema ni wimbo wa jadi. Omba tu wakili wa upande wa pili asiwe ameipitia sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia na sanaa za jadi, maana nayo inataka jamii yenyewe iombwe ridhaa. Siku hizi hata cha babu kina mwenyewe.

Ukimaliza na mtunzi, bado kuna rekodi. Wimbo ni wa aliyeutunga. Ile sauti iliyonaswa studio ina haki nyingine, ya mtayarishaji aliyeigharimia, na waimbaji na wapigaji nao wana fungu lao. Mjanja hamlipi yeyote. Asiye mjanja humlipa mmoja, akaitia risiti kwenye fremu akidhani kamaliza.

Usiisahau pia risiti ya leseni ya baa yako. Unalipia leseni ya kupiga muziki pale kaunta kila mwaka, kwa nini isifike na kwenye tovuti? Jibu ni kwamba leseni ile ni ya wale walio kaunta tu. Kuuweka wimbo mahali ambapo mtu wa Oslo anaweza kuufungua saa nane za usiku, akiwa kitandani, ni tendo jingine kabisa, na mkataba wa shirika la kimataifa la haki miliki, WIPO, wa mwaka 1996 ulilitaja wazi kuwa linahitaji idhini ya mtunzi. Usajili wako wa Spotify hauokoi kitu. Ule ni wa masikio yako.

Sasa tufike kwenye elimu ya sekunde. Kuna wanaoapa kwamba sekunde 30 ni ruksa, wengine 15, na nimesikia mpaka 7. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa mambo kama utafiti, uhakiki na kuripoti habari. Saa ya kupimia sekunde haimo, na kuuza vyumba hakumo. Msanii Harmonize wa Tanzania aliona mwaka 2020 video ya wimbo wake "Uno" ikiondolewa YouTube, baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai mdundo ni wake. Yule alikuwa nyota wa Afrika Mashariki nzima. Wewe una vyumba ishirini na bwawa lisilo na maji.

Ukiona moyo unasita, andika chini ya ukurasa: "Sina hakimiliki ya wimbo huu, sifa zote kwa mwenyewe." Sijui mshtakiwa mwingine anayepiga chapa ungamo lake kwa hiari, tena kwa herufi za rangi. Mwenye wimbo akituma notisi iliyokamilika kwa kampuni inayokuhifadhia tovuti, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanaipa saa 48 za kazi kuufungia.

Kisingizio kizuri kuliko vyote, na hiki nakiheshimu, ni kusema hukujua umlipe nani. Vyama vya kukusanya mirabaha ni vingi: MCSK iliundwa kwa ajili ya watunzi, PRISK kwa wasanii, KAMP kwa watayarishaji, na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ndiyo inayoamua nani apewe leseni. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni ikakipa chama kingine, MPAKE, wakaishia mahakamani. Ukichanganyikiwa hapo hata hakimu atakuonea huruma, kisha akuhukumu.

Na haya yote, ndugu yangu, ni kwa ajili ya muziki ambao huenda hakuna anayeusikia. Tangu 2018 kivinjari cha Chrome kwa kawaida huzuia sauti kujipiga yenyewe kama mgeni hajabofya popote. Unaweza kupachika video ambayo wanamuziki wenyewe wameipakia YouTube, ila masharti ya YouTube hayakuruhusu kuificha nyuma ya picha ya mnazi itoke sauti tu.

Ipo njia nyingine, lakini haina raha ya wizi. Pale Ukunda hukosi mpiga gitaa anayetunga nyimbo zake. Mwite, mlipe, akutungie na kukurekodia wimbo wa dakika mbili. Mwandikiane karatasi inayosema utunzi na rekodi vyote vinaruhusiwa kutumika kwenye intaneti, duniani kote, kwa miaka kadhaa, na wote waliopiga waweke sahihi, hata yule wa kayamba.