Imeshindikana, Jaribu Tena

Mangi mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala Rangi Tatu alinipigia simu Jumamosi asubuhi. "Njoo umwangalie huyu kijana wako. Kwenye kompyuta saruji imeisha, stoo imejaa hadi mlangoni."

"Kijana wangu" ni dogo niliyemtafutia kazi ya kuandika programu ya mauzo ya duka hilo. Nilimkuta anatoka jasho, mafundi wamejazana kaunta, skrini imeandika kwa rangi nyekundu: IMESHINDIKANA, JARIBU TENA. Dada wa kaunta, mtiifu kupita kiasi, alikuwa anajaribu tena. Na kila akijaribu, hifadhidata ya MySQL ilipokea mauzo kimyakimya na kupunguza mifuko. Fundi aliyenunua mfuko mmoja ameandikiwa minne, tayari anauliza mitatu mingine akaipakie wapi.

Dogo alikulia kwenye PHP. Huko, kabla ya PHP 8.1, mysqli_query ikishindwa ilikuwa inarudisha false, mambo yakaisha. Safari hii aliandika kwa C, ambako mysql_query ikifanikiwa hurudisha 0, na 0 kwenye C ndiyo false yenyewe. Basi kila mauzo yakipita salama, programu inalia msiba. Mtandao ulipokatika, ikaandika kwa kijani: ASANTE KWA KUNUNUA.

Hata ndani ya msimbo wa MySQL, kwa desturi ya waandishi wake, funksheni za kweli-au-si-kweli hurudisha false kazi ikienda vizuri, true ikiharibika. Zinajibu swali la "kuna kosa?" Na wana sababu: kufaulu kupo kwa namna moja tu, kufeli kuna ukoo mzima. Ukiita mysql_errno, 0 ni salama, 1045 umekataliwa kuingia, 1062 umerudia kitu kilichokwishaandikwa.

Nikamwambia Mangi, "Ni kama kipimo cha malaria, bosi. Wakisema hakuna kitu, unafurahi."

"Nani anafurahi? Watu wanagoma kutoka zahanati mpaka wapewe dawa!"

Sikuthubutu kumgusia SQLite, hifadhidata nyingine iliyomo hata kwenye simu yake: SQLITE_OK ni 0, lakini sqlite3_step ikimaliza kazi salama hurudisha 101. Presha ya Mangi naijua.

Dawa ilikuwa kufuta alama moja ya mshangao mbele ya mysql_query. Kuhesabu saruji upya kulichukua mchana mzima, na dogo ndiye aliyepanda juu ya mifuko.

Wadogo zangu, andikeni "== 0" waziwazi, na mjaribu programu mkiwa nyumbani. Msiipeleke kwa Mangi siku ya Jumamosi.