Msikate Tiketi Kabla ya Kunijibu

Orlando, Florida

Dada, shikamoo. Shemeji, za masiku? Watoto hamjambo? Sisi huku wazima, ila joto.

Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni moja tu: msikate tiketi. Za ndege kateni, hizo hazina utata. Nazungumzia tiketi za hizi bustani za burudani ambazo mwanenu wa pili amenitumia orodha yake kwa WhatsApp. Anataka kasri la Cinderella, anataka Spider-Man, anataka treni ya Harry Potter, na chini kabisa kaandika "na ule mpira mkubwa". Vitu vinne. Kwa macho ya mtoto hiyo ni safari ya siku moja. Kwa mfuko wa shemeji ni mkopo wa benki, maana ameyataja mageti manne ya kampuni mbili zinazogombea wateja, Disney na Universal, na kila geti linamtoza mtu mzima zaidi ya dola 100 kwa siku.

Mimi, kama mnavyojua, naendesha teksi mtandao, na abiria wangu wengi ni watu wanaofika hapa kwa mara ya kwanza. Mtu anaingia garini asubuhi, kofia mpya, watoto wamepakwa mafuta ya jua mpaka weupe usoni, anasema kwa furaha: "Disney!" Namwuliza, Disney ipi? Ananitazama kana kwamba nataka kumwibia. Lakini kusema "Disney" Orlando ni sawa na kupanda daladala Dar ukamwambia konda "nishushe sokoni". Soko lipi, mzee? Kariakoo? Tandale? Buguruni?

Disney ya huku inaitwa Walt Disney World, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 100, lina barabara zake na mabasi yake. Ndani yake mna bustani nne: Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kila moja ina geti lake, na kati ya geti na geti ni safari ya gari. Na tafadhali mwambieni Mjomba, kwa heshima zote, aache kuniuliza kila akipiga simu kama nimeshafika Disneyland. Disneyland iko California, ilifunguliwa mwaka 1955, upande wa pili kabisa wa nchi hii.

Sasa huo mpira. Kuna baba mmoja wa Nairobi, mtu mstaarabu, alinionyesha picha kwenye simu yake: ndugu yake kasimama mbele ya duara kubwa. "Nipeleke hapa." Nikaitazama. Picha ya usiku, tena duara lenyewe limekatwa nusu. Orlando ina mipira miwili, dada. Mmoja uko EPCOT, una rangi ya fedha na pembepembe mwili mzima, urefu wake kama mita 55, na ndani mnapanda vigari mnaonyeshwa jinsi binadamu walivyowasiliana tangu enzi za mapangoni. Mwingine uko mbele ya Universal Studios, ni tufe la dunia linalozunguka, limevishwa jina la kampuni. Kutoka mpira mmoja hadi mwingine ni barabara kuu ya I-4, na I-4 ikiamua kusimama, inasimama kweli. Tukaegesha kituo cha mafuta, akampigia ndugu yake. Nikamsaidia kuuliza: huo mpira ulikuwa unazunguka? Kimya. Kisha sauti ikajibu: "Bwana, nilikuwa nimetoka kwenye yale mabembea, kichwa changu ndicho kilichokuwa kinazunguka. Nitajuaje ya mpira?"

Kasri nalo vivyo hivyo. Nilimbeba mama mmoja wa Muscat, Kiswahili chake cha Unguja, kitamu mpaka nikatamani safari isiishe. Akasema anawapeleka mabinti kwenye kasri. Nikamwuliza: bibi, la yule binti aliyeacha kiatu, au la wachawi? "Wachawi! Mambo hayo niliyoyakimbia, nije kuyalipia kwa dola?" Nikatazama kioo cha nyuma. Mabinti wawili, majoho meusi, fimbo mkononi. Hapakuwa na haja ya kuuliza tena. Tukaenda kwa wachawi, Islands of Adventure, bustani ya Universal, na mama wa watu akanyamaza njia nzima akivuta tasbihi.

Neno Studios ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote, kwa sababu kampuni zote mbili zinalo. Disney walifungua bustani yao ya mambo ya sinema Mei 1989, Universal wakafungua ya kwao Juni 1990. Ya Disney iliitwa Disney-MGM Studios, na mwaka 2008 ikawa Hollywood Studios. Kwa hiyo mgeni akisema "nipeleke Studios, zile za sinema, za Hollywood," ukimpeleka kokote hujamdanganya, lakini mashine ya getini haijali ukweli wako. Kwa Disney tiketi ikikubali mashine huwaka kijani. Isipokubali huwaka bluu. Nimeona watu wakiifurahia ile bluu na kuanza kuipiga picha.

Magic Kingdom ina ujanja wake peke yake. Gari halikufikishi mlangoni. Mimi nawashusha kwenye kituo kikubwa kiitwacho Transportation and Ticket Center, penye mabango, madirisha ya tiketi na umati, na kasri linaonekana kwa mbali ng'ambo ya maji. Kutoka hapo mnavuka ziwa kwa pantoni, au mnapanda treni ya juu ya nguzo, na zote hazina nauli. Sasa wapo wanaodhani hicho kituo ndiyo bustani yenyewe. Wanajipiga picha, wananunua maji, wanakaa kwenye benchi, halafu baba wa familia anauliza kwa unyonge: "Ndiyo haya tu?"

Universal nako msidhani kuna unafuu. Unashushwa kwenye jengo la maegesho la ghorofa, unakaguliwa, unabebwa na mikanda ya kusafirisha watu, unatokea kwenye mtaa wa maduka na migahawa uitwao CityWalk. Hapo njia inagawanyika. Kulia ni Universal Studios Florida, kushoto ni Islands of Adventure ya mwaka 1999, yenye mnara wa taa mlangoni. Dakika chache kwa miguu kati ya geti na geti. Mgeni anafuata watu wengi wanakoelekea, na watu wengi nao ni wageni.

Mwanenu akitaja Harry Potter, mwulizeni yupi. Shule ya Hogwarts na kijiji cha Hogsmeade viko kushoto, tangu 2010. Mtaa wa Diagon Alley uko kulia, tangu 2014. Wamevitenganisha, kisha wakaviunganisha kwa treni, na stesheni moja wakaiweka ndani ya geti hili, ya pili ndani ya geti lile. Maana yake mwenye tiketi ya geti moja hapandi, hata alie. Nilikuwa na familia moja ya Dodoma, baba yao mhasibu. Aliposikia kwamba ili mtoto apande treni ya dakika chache lazima wote wawe na tiketi ya mageti mawili, alitoa simu, akapiga hesabu, akampigia saluti aliyebuni kitu hicho. Hakukasirika hata kidogo. Alisema amekaa kazini miaka mingi hajawahi kuona ukusanyaji wa mapato wa namna hiyo.

Na bado. Mei 2025 Universal walifungua bustani nyingine kubwa, Epic Universe, ambayo haiko pale kwenye zile mbili. Iko kilomita kadhaa kando, ina maegesho yake na geti lake, na huko nako wameweka kipande cha tatu cha Harry Potter. Mtu akija na tiketi ya Epic akashuka CityWalk, atautafuta mlango wake mpaka jua lizame.

Spider-Man ni kesi ya mahakamani. Kampuni ya Marvel ilinunuliwa na Disney mwaka 2009, kila mtu anajua. Basi wazazi wanawaleta watoto Disney kumtafuta buibui wao, na buibui hayupo. Yuko Universal! Sababu ni kwamba mwaka 1994, Marvel ikiwa bado inajitegemea, Universal waliingia nao mkataba wa kuwatumia mashujaa wake, na mkataba huo unaishi mpaka leo. Mtu akinunua shamba lenye mpangaji, hamfukuzi mpangaji mwenye karatasi zake. Kwa hiyo Spider-Man wa California anakaa kwa Disney, wa Florida anakaa kwa jirani, na wale Guardians of the Galaxy, ambao hawakubanwa na mkataba, wako EPCOT tangu 2022. Mweleze hayo mtoto wa miaka saba saa tatu asubuhi.

Nisiache ya Shangazi. Mnakumbuka alivyorudi akautangazia mtaa mzima kwamba amekwenda Marekani akaiona Afrika. Hakusema uongo. Animal Kingdom ina mji wa kubuni uitwao Harambe, umejengwa kwa sura ya miji ya pwani yetu, Lamu hasa, na maandishi ya Kiswahili ukutani. Kuta zimechubuliwa kwa makusudi, rangi imepaushwa kwa makusudi, nyufa zimechorwa na mafundi wa kulipwa. Shangazi akajishika kiuno akauliza: "Na hela zote hizi, wameshindwa kupaka chokaa?" Ukipita mji huo unafika Kilimanjaro Safaris, mnapakiwa kwenye lori la wazi kwenda kutazama wanyama wa kweli. Mwanamke kazaliwa Pangani, Saadani jirani yake, kasafiri kuvuka bahari kuja kuonyeshwa twiga. Alipiga makofi kuliko watoto wote.

Tatizo lilikuja baadaye. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba Florida ina Serengeti, naye hakukubali kuondoka bila kuiona. Akamfuata kijana wa pale, akamwuliza kwa Kiswahili fasaha. Kijana akajibu "Jambo!" na hapo Kiswahili chake kikaisha. Nikatafsiri. Jibu likawa kwamba Serengeti Plain iko Busch Gardens, Tampa, bustani ya kampuni nyingine, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari, ambako wana hata sehemu iitwayo Nairobi. Shangazi akafikiri. "Kilimanjaro hapa, Serengeti mbali," akasema. "Angalau hilo wamepatia."

Mtaniuliza kwa nini kampuni hizi zote zimerundikana sehemu moja. Walt Disney mwenyewe hakutaka majirani. Kule California, mara tu alipofungua Disneyland, nyumba za wageni na vibanda vya watu wengine vikamzunguka pande zote, wakala matunda ya jasho lake. Ndiyo maana alipokuja Florida miaka ya 1960 alinunua ardhi kimyakimya, kwa majina ya kampuni za kificho ili bei isipande, akajipatia eneo ambalo jirani asingeweza kumchungulia. Alifariki Desemba 1966, hata geti la kwanza hajaliona. Na majirani wakaja vilevile: SeaWorld mwaka 1973, kisha Universal. Mteja akishafika Orlando amefika, na kila mmoja anataka kipande cha siku zake. Kwa maoni yangu, anayepotea hapa si mshamba. Mashindano ndiyo yamewafanya wafanane: huyu ana kasri, yule ana kasri, huyu Studios, yule Studios, huyu treni, yule treni. Mimi nayaona haya kila siku na bado nauliza mara mbili kabla ya kuwasha gari.

Basi dada, kaeni kikao cha familia. Kila mtoto ataje kitu kimoja anachokitaka kuliko vyote, kimoja tu, na mniandikie. Mimi nitawaambia kiko geti gani, na tutaona shemeji anaweza kubeba mageti mangapi. Yule mdogo, ikiwa atakuwa hajatimiza miaka mitatu, anaingia bure, hivyo asipewe kura. Amueni mapema, maana bei hupanda na kushuka kwa tarehe, na wiki ya Krismasi mnayoitaka ndiyo ghali kuliko zote; mkiweza kuja Januari baada ya watoto wa huku kurudi shule, mtanishukuru.

Mnapojibu, andikeni jina la geti, si la kampuni wala la mji. Na shemeji aje na viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu. Vipya aviache Tanga.

Wasalaam,
Mdogo wenu