Sifa za Mti Usiofaa Kitu

Mnazi una watetezi wa kutosha. Una madafu, makuti, tui na kivuli, na kila mshairi wa pwani ameushukuru. Mimi leo nausimamia mti wa plastiki, ule wa Krismasi, unaoshushwa stendi ya Kibiti mwezi Desemba kutoka kwenye keria ya basi la Dar es Salaam, umekunjwa sandukuni kama mwavuli. Ndio mti pekee wilayani ambao haujawahi kufaa kwa kazi yoyote, na ukuu wake uko hapohapo.

Asiyeamini ateremke delta. Pale Rufiji inapojigawa vijito kabla ya kuingia baharini, kuna msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko mingine yote ya mwambao wa Afrika Mashariki, na kila mti mle umeshapangiwa kazi kabla haujakomaa. Mkandaa ukinyooka tu, ni boriti. Mkoko hutoa nguzo, na gome lake huchemshwa rangi. Mlilana huishia kuwa mataruma ya jahazi, msikundazi huwa mlingoti. Hata mchu, uliopindapinda makusudi ili uachwe, huchomewa chokaa. Kwa karne nyingi boriti za hapa zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, zikabeba dari za watu wasioijua Rufiji hata kwa ndoto. Kosa la boriti hizo lilikuwa kunyooka.

Mti wa plastiki hauna kosa hilo. Shina lake ni bomba jembamba, matawi yake ni waya uliosokotwa na vinyuzi vya kijani. Hakuna fundi wa majahazi aliyewahi kuugeukia mara mbili. Kukata mkoko kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Huu ukate hata kwa mkasi, hakuna ofisa atakayekusimamisha barabarani.

Ukoo wake pia si wa kubezwa. Karne ya 19, Wajerumani walipoona misonobari michanga inamalizwa na sikukuu, walitia manyoya ya bata bukini rangi ya kijani, wakayafunga kwenye waya, wakapata mti. Watawala wa taifa hilohilo, mwaka 1898, waliitangaza mikoko ya delta kuwa hifadhi, maana yake zaidi ikiwa kwamba mwenye kuvuna sasa ni serikali. Kisha Krismasi ya 1914 ikawakuta wenyewe humuhumu. Manowari yao Königsberg, iliyozikimbia meli za Waingereza, ilijibanza kwenye vijito vya Rufiji, ikavikwa matawi ionekane msitu. Huo ndio mti wa bandia wa kwanza ninaoujua katika delta: wa chuma, wenye mizinga kumi. Ulijifanya mti kwa nia mbaya, na Julai 1915 ukaishia kwenye matope. Huu wa sebuleni haumdanganyi mtu. Sijaona hata mtoto anayetambaa aliyeudhania kuwa mti.

Na subira yake! Miezi kumi na moja juu ya kabati, chini ya bati la Kibiti, bila maji wala malalamiko. Mchwa waliokula fremu ya mlango hupanda mpaka tawi la pili, wakaonja, wakarudi kwenye mlango. Ncha zake zina theluji, ile ya povu jeupe, na Desemba hii ya joto na maembe haijayeyuka hata tone. Mshindani wake wa jadi, tawi la mvinje, hunukia vizuri, nakubali. Lakini siku mbili tu na tayari unaokota vijiti vyake kwenye pilau. Mkrismasi wa nje nao huchanua wekundu wa kumtoa mtu machozi, ila jaribu kuuingiza sebuleni.

Kibiti wengi ni Waislamu, na watoto wa majirani huja kutazama taa zikimetameta, kama wa kwetu wanavyokwenda kwao Idi na sahani tupu. Mwaka mmoja bibi wa nyumba ya pili aliwafuata wajukuu, akauzunguka mti, akaupapasa.

“Mwalimu, mti wenu huu unazaa nini?”

“Taa, bibi.”

“Na umeme ukikatika?”

“Hapo unapumzika.”

Akaona ni mti wenye bahati kuliko yeye.

Basi ukienda Kariakoo kuuchagua, usivutwe na wa futi sita. Ukishaupachika kati ya kochi na televisheni, mgeni atakaa wapi? Wa futi nne juu ya stuli unatosha. Utikise: unaopukutika mbele ya muuzaji nyumbani utanyonyoka kabisa. Theluji isugue kwa kidole, kwani ikibaki kidoleni itakaa kwenye makochi mpaka Pasaka. Wenye pengo upande mmoja usiukatae, upande huo utatazama ukuta. Kisha hesabu miguu. Sanduku huandikwa mitatu, ndani mkawa na miwili na skrubu ya kitu kingine kabisa. Usigombe. Mwambie muuzaji atoe kwenye bei ule mguu ambao haupo.