Mkate wa Mishkaki na Heshima ya Kanzu

Husimuliwa huko Uingereza kwamba John Montagu, Lodi wa Sandwich, aliyeishi katika karne ya 18, alikuwa mtu wa karata asiyependa kuondoka mezani wala kushika karata kwa vidole vyenye mafuta, na kwa hiyo akaamuru aletewe nyama iliyobanwa baina ya vipande viwili vya mkate. Na ingawa wako wasemao kuwa hakuwa akicheza bali akisumbuka na kazi za manowari za mfalme, kisa hicho cha karata husema kwamba makusudio ya chakula kile yalikuwa kuitunza mikono. Mwaka 1762 mwanahistoria Edward Gibbon alikwisha kuandika katika shajara yake habari za waungwana wa London wakijilia sandwichi kilabuni, na hakumtaja hata mmoja wao aliyechafuka.

Sisi watu wa Mrima tuliupokea mkate wa ngano, tukaipokea na hikima ya kuupasua na kutia nyama ndani yake, kisha tukaumiminia chachandu, na kwa tendo hilo moja tukaibatilisha sababu yote iliyomfanya Lodi yule ajisumbue kufikiri. Sioni haya kusema kuwa katika jambo hili sisi ndio tulioongoka.

Mwenye kutaka ushahidi na aende Bagamoyo baada ya alasiri, jua likishapoa na ngalawa zikishapumzika mchangani, apite soko la samaki ambamo madalali wamemaliza kelele zao na makarai ya mafuta yanaanza yao, kisha afuate moshi wa mkaa mpaka alipo mwuzaji wa mishkaki. Bibi ninayemwendea mimi hana meza ya fahari: ana jiko, ana ubao, ana kisu kilichonolewa hata kikawa chembamba, na ana beseni la mikate ya boflo iliyofunikwa kitambaa. Nyama yake hulala usiku kucha katika thomu, tangawizi, ndimu na papai bichi, na siku pweza akipatikana, hupondwa kwanza, akachemshwa kwa maji yake mwenyewe hata akalainika, kisha akatungwa vijitini na kupelekwa motoni pamoja na ng'ombe, kila mmoja akimwachia mwenziwe harufu. Boflo halipasuliwi likaachana. Hukatwa ubavuni, upande mmoja ukabaki umeshikana. Bibi huulaza mshkaki ndani yake, akaufumba mkate kwa kiganja cha kushoto, na kwa mkono wa kulia akakivuta kijiti chote kwa mara moja, kikatoka kitupu na cheusi ilhali nyama imebaki ndani kwa safu yake kama ilivyokuwa. Nimewaona vijana wenye nguvu wakijaribu tendo hilo, wakatoka na kijiti, nyama na nusu ya mkate.

Kisha huja swali.

"Nikutilie pilipili, mwanangu?"

"Kidogo tu, bibi."

Kidogo cha bibi huanza pale uwezo wangu unapokoma. Chachandu yake ni nyanya, ukwaju, thomu, chumvi na pilipili, nyepesi kiasi cha kupenya kila tundu la mkate na nzito kiasi cha kutokubali kufutika. Nayo hutiwa mwisho, kwa kijiko cha mti, hata mkate ukalowa na kuanza kuvuja kabla haujafika mkononi mwa mwenyewe. Katika baadhi ya hoteli za ufukweni chakula hiki huletwa kimekatwa pembetatu, chachandu ikiwa mbali katika kibakuli chake mithili ya mgeni asiyeaminika, pamoja na kisu na uma. Sina la kusema juu ya watu hao isipokuwa kuwaombea.

Mji wenyewe, lakini, umezoea maakuli yenye mwisho wa ajabu. Usiku wa tarehe 4 Desemba 1889, Emin Pasha, yule tabibu wa Kijerumani aliyelitawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, na ambaye msafiri Stanley alimtoa bara kwa mashaka ya miezi mingi, alikaribishwa karamuni na maofisa wa Kijerumani hapa hapa Bagamoyo. Na baada ya kula na kunywa, mtu yule aliyesalimika na vita, njaa na homa za bara zote akaangukia nje kwa dirisha la ghorofani, maana macho yake yalikuwa dhaifu, akapasuka fuvu. Akabaki akiuguzwa, na Stanley akavuka kwenda Unguja bila yeye. Tangu niliposoma habari hiyo sijapata kumcheka mtu kwa doa la pilipili.

Nami nina haja ya insafu hiyo hiyo. Ijumaa moja nilikuwa miongoni mwa wazee waliotumwa kupeleka posa ya mpwa wangu, na baina ya sala ya alasiri na saa ya miadi palikuwa na nafasi, na katika nafasi hiyo palikuwa na njaa, na kando ya njaa palikuwa na bibi. Tone la chachandu lina akili yake: hupita mashati ya rangi nyeusi na kanga zenye maua, ambako lingejificha kwa salama, likaitafuta kanzu nyeupe iliyotiwa buluu na kupigwa pasi asubuhi ile. Langu lilikaa kifuani, upande wa kushoto, mahali pale pale serikali zitiapo nishani.

Tukapokewa kwa taadhima zote. Mkubwa wa msafara wetu akayatanguliza maneno ya ada, akashukuru, akasifu nasaba za pande zote mbili, na muda wote huo baba mkubwa wa binti hakumtazama yeye wala mimi usoni. Aliitazama nishani yangu.

"Bwana mkubwa," akaniuliza kwa upole uliopindukia, "hiyo ni ya ukwaju, au ya embe?"

"Ya ukwaju."

Akamgeukia nduguye. "Sikukwambia?"

Kumbe nyumba ile ilikuwa na mgogoro wa siku nyingi, wengine wakishikilia kuwa chachandu isiyo na embe bichi ni maji mekundu tu, na wengine kuwa embe ni bid'a iliyoletwa na watu wasiojua kungoja ukwaju uive. Wazee wetu nao, ambao nilidhani wamekuja kwa ajili ya mpwa wangu, wakagawanyika. Shangazi wa binti alichungulia mlangoni mara kadhaa kutaka kujua kama posa imekubaliwa, akatukuta tungali kwenye pilipili. Adhana ya magharibi ilipokaribia ndipo mtu mmoja akakumbuka kutaja mahari, na jambo hilo, kwa kulinganisha na ukwaju, halikuchukua muda wowote.

Juu ya kunguru, adui mwingine wa mlaji wa mkate huu, nitasema machache, kwa sababu damu yangu hupanda. Ndege huyu wa Kihindi aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 kwa matumaini ya kuwa atakula taka, akavuka bahari, akaenea pwani nzima, na taka akaziacha zilivyo. Aliyenishukia mimi sokoni alimchagua pweza, akamtoa kwa ustadi usiopungua ule wa bibi, akaniachia mkate.

Na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, marufuku ninayoiunga mkono kwa ajili ya bahari na samaki wake, mkate wetu husafiri ndani ya karatasi, na karatasi haijapata kuishinda chachandu. Nilikuwa katika basi la kwenda Dar es Salaam, mzigo mapajani, na kando yangu ameketi mzee wa haiba mwenye suruali ya kijivu iliyonyooshwa hata mikunjo yake ingeweza kukata embe. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, tukaipita Zinga kwa amani. Karibu na Kerege mbuzi wakakatiza barabara, dereva akakanyaga breki, na karatasi ikafanya ambalo ilikuwa ikilikusudia tangu Bagamoyo.

"Lahaula," akasema mzee.

Akalitazama goti lake kwa muda. Kisha akalipangusa kwa kidole, akakipeleka kidole kinywani.

"Leo amepunguza thomu," akasema. "Mkate wenyewe uko wapi?"

Nikamweleza, pamoja na radhi nyingi, kuwa mkate ni amana ya dada yangu anayeningoja Mwenge.

"Dada yako hana doa," akasema, akanyoosha mkono.

Tulipofika Bunju alikuwa amekwisha kuumaliza, na kondakta, aliyekuwa amesimama mbele yetu akidai nauli, alikuwa ameinama akijifuta kiatu.