Mkate Uliokimbilia kwa Samaki

Masikio yangu bado ya moto ninapoandika haya. Usiku mmoja, katika supamaketi moja ya Incheon, Korea Kusini, muuza samaki mwenye maikrofoni mdomoni alikatisha tangazo lake la bei ya vibua. Kwa sauti iliyofika mpaka kwenye rafu za sabuni, akamwomba mteja mgeni mwenye koti la kijani aje achukue mkate wake. Koti la kijani humo ndani lilikuwa moja. Mgeni alikuwa mmoja. Mkate nao ulikuwa mmoja, umelala chali chini ya kaunta ya samaki, ubavuni mwa ndoo ya barafu, umetulia tuli.

Naomba nisimulie kwa utaratibu, maana haki yangu yote imo kwenye utaratibu.

Sehemu ya mikate katika supamaketi za Korea haina mlango wala ukuta. Imekaa palepale katikati ya vyakula, na harufu yake ya siagi hukudaka ungali ghorofa ya juu, unashuka na toroli lako. Hakuna muuzaji wa kumwambia nipe ule pale. Mikate imepangwa mezani, wazi, kila aina na kibao chake cha bei. Pembeni kuna rundo la trei na makoleo yaliyotundikwa. Unachukua trei kwa mkono wa kushoto, unatandika karatasi nyembamba juu yake, unashika koleo kwa mkono wa kulia, unaanza kuzunguka. Ukipendacho unakibana, unakilaza kwenye trei, unampelekea keshia, naye anafunga kila kimoja kwenye mfuko wake. Tena kuna sheria moja ambayo sijaiona imeandikwa popote lakini hata watoto wanaijua: kilichokwisha kubanwa hakirudi mezani.

Halafu kuna ile tak-tak. Kabla ya kubana chochote, mtu huzigonganisha ncha za koleo hewani: tak, tak. Wazee wanafanya, wanafunzi wanafanya, wanaume waliovaa suti wanafanya bila kujijua. Hakuna anayekufundisha, na siku ya kwanza unaposhika koleo unajikuta nawe unafanya. Nimelitafakari sana jambo hili. Nadhani ni salamu, mtu anaujulisha mkate kwamba amefika.

Kwetu mnunuzi wa maandazi ana kazi mbili tu: kunyoosha kidole, na kulalamika kwamba yamepungua ukubwa. Kushika ni kazi ya mama mwenye karai, anayelidaka andazi kwa kipande cha gazeti na kukukabidhi huku anazungumza na mtu mwingine. Mfumo wa Korea umemwondoa mama huyo, ukampa kazi yake mtu aliyetoka kazini, mwenye njaa, mikono imekufa ganzi kwa baridi.

Sasa tuje kwenye mkate wenyewe, maana mshtakiwa halisi ni yeye. Unaitwa mkate wa chumvi. Mwoka mikate anakata kinyunya pembetatu ndefu, anaweka kipande cha siagi kinene cha kukaribia kidole kwenye upande mpana, anakunja kuelekea kwenye ncha. Juu ananyunyiza chembe za chumvi. Ndani ya tanuri siagi inayeyuka, na pale ilipokuwa panabaki shimo. Mafuta yanashuka chini, yanatapakaa kwenye sinia la tanuri, na kitako cha mkate kinajikaanga chenyewe humo. Ndiyo maana juu ni laini, chini kunakwaruza meno, na ukiupasua katikati unakuta hewa. Kwa ufupi, huu ni mkate wenye tumbo tupu na makalio ya kukaanga.

Mtu akitaka kubuni kitu kisichobanika, hapo ndipo pa kuanzia. Una umbo la pia iliyolala, nje ni mkavu, ndani ni mtupu, chini umelowa siagi. Ukiubana kwa nguvu, unabonyea na watu wanakutazama. Ukiubana kwa adabu, unateleza. Katikati ya nguvu na adabu hakuna nafasi ya mtu kusimama.

Ulizaliwa Yawatahama, mji wa bandari katika mkoa wa Ehime nchini Japani. Mwoka mikate wa huko alitafuta kitu kitakachonunuliwa wakati wa joto, watu wanapotoka jasho na kuukinai mkate. Chumvi ikamjibu. Baadaye ukavuka bahari, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2020 hapakuwa na mtaa wa Korea usioujua. Nawaomba wasomaji wazingatie jambo moja tu: Yawatahama ni mji wenye soko kubwa la samaki.

Ilikuwa saa mbili usiku. Saa hizo ndizo zenyewe, kwa sababu mfanyakazi hupita na karatasi za kunata na kuibandika punguzo mikate iliyobaki. Wanunuzi wanaojua mambo huanza kujisogeza mapema, kila mmoja akijifanya anasoma kibao cha bei. Karatasi zikabandikwa. Kwenye meza ya mikate ya chumvi ukabaki mmoja. Nikanyoosha koleo. Nyuma yangu akasimama bibi mmoja mfupi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akaanza tak-tak, tak-tak. Sikuhitaji mkalimani. Alikuwa ananiambia: kijana, bana au pisha.

Nikabana. Mkate ukaruka.

Uligonga ukingo wa trei, ukadunda sakafuni, na badala ya kulala ukashika njia. Sakafu ile hupigwa msasa na mashine mpaka unajiona sura. Ukapita kati ya magurudumu ya toroli, ukalizunguka rundo la ndoo za kimchi, ukaingia kwenye ujia wa samaki. Mimi nyuma, trei mkono mmoja, koleo mkono wa pili, nikijaribu kuubana ungali unakwenda. Mtoto aliyekaa ndani ya toroli akaniashiria kwa kidole: huko, huko! Bibi wa kofia naye alinifuata, sijui kama shahidi au kama mnunuzi wa pili. Hapo ndipo muuza samaki alipouona mkate ukiingia chini ya kaunta yake, akaliona koti langu, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa tayari mdomoni, hakuona haja ya kuiondoa.

Supamaketi nzima ilinyamaza. Kisha bei ya vibua ikaendelea kutangazwa.

Nilirudi kwa keshia na mkate wangu kwenye trei, tayari kulipa na kuhama mji. Akaupokea kwa mikono miwili. Akainama. Akaingia nyuma, akatoka na mwingine, wa moto, akaubandika punguzo lilelile. Halafu akazunguka kaunta, akashika koleo, akanionyesha taratibu mbele ya foleni nzima: ncha moja unaipitisha chini, ncha ya pili inagusa tu juu, kisha unanyanyua. Akanipa koleo nirudie. Nikarudia. Watu wawili watatu wakapiga makofi, na mmoja wao alikuwa bibi wa kofia.

Wema huo ndio ulionimaliza. Mtu akikutukana unapata la kumjibu. Mtu akikuinamia na kukupa mkate wa moto, utamjibu nini?

Nilimpigia mama simu nikitafuta huruma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ule ulioanguka, baba, uliulipia?"

"Walikataa pesa, mama."

"Basi wana adabu." Akanyamaza kidogo. "Sasa koleo la nini? Huko mkate mnautoa kwenye makaa?"

Msomaji atauliza kwa nini nisiende kwenye duka la mikate la kawaida, lenye taa za manjano na muziki wa piano. Jibu ni bei. Katika maduka hayo mkate mmoja wa chumvi hugharimu won 3,000 au zaidi, na mmoja hautoshi mtu mzima. Supamaketi hutia pia kadhaa kwenye mfuko mmoja na kuuza kwa bei isiyokuondolea hamu ya kula. Siri yake iko kwenye jokofu. Kinyunya cha aina hii hukandwa na kukunjwa kiwandani, kinagandishwa, kinasafirishwa kikiwa mawe, na dukani kinachobaki ni kukiyeyusha, kukiacha kiumuke na kukiingiza tanurini. Hakihitaji fundi wa kuamka alfajiri. Tanuri linawekwa mbele ya wateja kwa makusudi, kwa sababu harufu ni tangazo lisilolipiwa.

Na hili jambo la mkate kuwa anasa linanishangaza kila nikilifikiria. Baada ya vita vya Korea, unga wa ngano ulikuwa chakula cha msaada, ukija kwa magunia kutoka Marekani. Duka mashuhuri la mikate la Sungsimdang mjini Daejeon lilianza mwaka 1956 kwa magunia mawili ya unga yaliyotoka kanisani. Katika miaka ya 1960 na 1970 mchele haukutosha, serikali ikawahimiza watu wale unga na nafaka mchanganyiko, na walimu wakawa wanafungua vyakula vya wanafunzi kuhakikisha wali umechanganywa na shayiri. Mkate ulikuwa wa kumsitiri aliyekosa wali. Leo aliyekosa mkate anasitiriwa na wali.

Mwaka 2025 mtangazaji mmoja wa YouTube anayeeleza mambo ya uchumi alifungua duka la muda Seongsu, Seoul, akauza mkate wa chumvi kwa won 990. Watu wakapanga foleni. Waoka mikate wakaja juu wakisema anawafanya waonekane wezi. Akaomba radhi, na duka halikudumu. Waoka mikate hao nawaelewa: wana kodi ya pango, mishahara, mayai, maziwa, umeme. Lakini mwaka 2006 tume ya ushindani ya nchi hiyohiyo iliwatoza faini wasagaji unga wanane kwa kupanga bei kwa siri, na sijasikia kwamba kuna aliyetangazwa kwa maikrofoni mbele ya samaki. Anayetangazwa ni mwenye koti la kijani.

Na kicheko kinanikauka kabisa nikifika kiwandani. Oktoba 2022, katika kiwanda kimoja cha mikate Pyeongtaek, msichana wa miaka 23 alinaswa na mashine ya kuchanganya sosi ya sandwichi akiwa zamu ya usiku, akafa. Kesho yake wenzake walikuwa kazini humohumo, mashine ile ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe. Tangu nilipoyasoma hayo, mtu akiniambia kwamba mkate wa kiwandani ni rahisi kwa sababu mashine ndiyo inayofanya kazi, namwomba anyamaze. Mashine haifanyi kazi peke yake usiku. Amesimama mtu pembeni yake, amechoka, na bei nafuu ninayoisifu mimi ameanza kuilipa yeye kabla sijatoka nyumbani.

Visa vingine ni vidogo, navitaja ili orodha ikamilike.

Mkate wa duara wenye ufuta juu, niliodhani una chokoleti, ulikuwa na maharage. Mtu aliyelelewa na maharage ya nazi hayaogopi, ila haya yalikuwa na sukari ya harusi mbili.

Mkate wa soseji, mahindi na mayonezi niliusomea lebo yake kwa simu nikiwa tayari mbele ya keshia. Ilikuwa nguruwe. Kilichokwisha kubanwa hakirudi mezani, kwa hiyo nililipa na kumpelekea jirani, ambaye sasa ananipenda kupita kiasi.

Toroli lilikula sarafu yangu ya won 100.

Keshia huuliza namba ya simu ili akuwekee pointi. Niliitaja yangu kwa Kikorea changu, pointi zikamwingia mtu nisiyemjua. Natumaini ananiombea dua.

Na ile Jumapili nilipokwenda nimejiandaa, nimefanya mazoezi ya koleo nyumbani kwa vijiti vya kulia, ncha moja chini na ncha moja juu, nilikuta milango imefungwa. Tangu mwaka 2012 kuna sheria inayoruhusu serikali za miji kuzifunga supamaketi kubwa siku mbili kwa mwezi, na Incheon siku hizo ni Jumapili ya pili na ya nne, ili wateja wawakumbuke wafanyabiashara wadogo. Nikawakumbuka. Nikavuka barabara, nikaingia kwenye duka la taa za manjano na piano, ambako mwenye duka alikataa kabisa nishike koleo, akanibania mwenyewe mkate mmoja wa chumvi, akaufunga kwa utepe, akaniambia won 3,800. Nikalipa. Sheria ilifanya kazi yake sawasawa.