Matembezi ya Kutwa Nakivale
Mtalii wa Hurghada hupelekwa jangwani kunywa chai ya Mabedui; wa Malindi hupiga picha makorongo ya Marafa, kisha akarudi baharini. Mbarara, Uganda, haina bahari wala jangwa, ila matembezi ya kutwa inayo: magari meupe hutoka hotelini baada ya kifungua kinywa, hufika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wageni hutazama foleni ya mgao, ngoma ya watoto na ziwa, na kabla ya giza wamesharudi kwenye maji moto. Mtasema hao si watalii, wanaleta fedha. Hata wa Malindi analeta, tena hulipa kiingilio, wala hamwombi mwenyeji amsimulie vita alivyovikimbia. Mtasema bila kuona hawatasaidia. Haya, Nakivale inatazamwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kuanzia Wanyarwanda hadi Wakongomani, Warundi na Wasomali wa leo, na katika miaka ya karibuni kilichopungua si wageni, ni chakula cha mgao na ukubwa wa shamba. Na Mkongomani wa Nakivale akitamani naye kutembea kutwa, avuke mto Kagera pale Kikagate akaione Murongo, upande wa Tanzania, ataulizwa hati, sababu ya safari, na nani kamruhusu.