Rili ya Baharini, Samaki wa Kiganja

Kosa halikuanzia ziwani. Lilianzia kwenye simu, saa tano usiku, nikimtazama Mmarekani mmoja mwenye kofia akivua bass kwa rili. Bass ni samaki wa kwao, mdomo kama begi la shule lililosahauliwa kufungwa. Kwa Afrika Mashariki yuko Ziwa Naivasha, alikopandikizwa mwaka 1929, na sisi wa Babati hatuna undugu naye. Sisi tuna perege na kambale. Lakini usiku ule perege na kambale niliwasahau kabisa. Nilisikia tu rili ikilia kriii, nikaona aibu kuishi Nakwa, jirani na ziwa zima, huku samaki nawanunua kwa fungu.

Mmarekani alisema wazi: kwa bass chukua rili namba 2500, kwa samaki wadogo wa kukaanga chukua 1000. Nikaona ananibania. Mimi kwenye televisheni, kwenye matairi, hata kwenye sufuria, namba kubwa ndiyo mali.

Nilipokwenda Dar es Salaam kwenye harusi, nikapenya Kariakoo na kuomba iliyo kubwa kuliko zote. Muuzaji akauliza, "Kaka, unavua bahari gani?" Nikajibu, "Babati." Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Basi hii ndiyo yenyewe, bosi." Kutoka kaka hadi bosi kwa pumzi moja! Mtu mwenye akili angeshtukia hapo hapo. Mimi nikaondoka na 6000, mshipi wa milimita 0.50 na risiti ambayo mama watoto hajaiona mpaka leo.

Kwa asiyejua, namba hizo zinaeleza ukubwa wa rili na bobini yake. Ile 6000 ina uzito unaozidi nusu kilo. 2000 ni kama robo tu. Kwenye boksi waliandika pia "beringi 13" kwa herufi za dhahabu, nami nikazihesabu kama ng'ombe wa mahari. Fundi baiskeli yeyote pale mjini angeniambia bure kwamba beringi nne nzuri zinazishinda kumi na tatu za bati.

Nyumbani nikajaza mshipi mpaka ukingoni, kibaba cha kufurika. Kumbe bobini huachiwa pengo la kama milimita mbili chini ya ukingo wake, la sivyo mshipi unamwagika wenyewe. Hilo nililijua kesho yake, mbele ya shahidi.

Shahidi alikuwa mzee mmoja anayevua pale ziwani kwa mwanzi wake, kopo la nyungunyungu pembeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu. Hiyo umekuja kuvutia maji?"

"Ni ya kuvulia, babu."

"Haya. Mwaka 1990 ziwa hili lilifurika mpaka mjini, samaki wakaja wenyewe. Hawakuuliza mashine."

Nikarusha. Nilikuwa sijafungua ule waya unaozuia mshipi, kwa hiyo chubwi likaenda mita moja, likabadili mawazo, likarudi kunipiga gotini. Nikafungua waya, nikarusha tena kwa hasira. Safari hii mshipi ulitoka wote kwa mkupuo, mapete juu ya mapete, ukatua miguuni kwangu kama kiota cha mnana. Nilikaa chini kufumua. Kila nilipoinua kichwa, babu alikuwa anatoa perege, na kila perege alikuja na "Pole, mwalimu" yake. Nilipomaliza nilikuwa nimepewa pole sita.

Mrusho wa tatu ulikwenda vizuri mno. Boya lilitua mbali kabisa, na karibu yake yakaibuka masikio mawili, kisha macho. Wageni huja Babati kuwaona viboko hawa, na huwaona wakiwa wameketi kwenye mtumbwi wa mtu anayewajua. Babu hakugeuza hata shingo. "Yule usimvue," akasema.

Nikavuta mshipi taratibu, nikautupa karibu na matete. Hapo ndipo nilipoelewa shida ya kuvua samaki wa kiganja kwa chombo cha baharini. Perege ana mdomo mdogo, anakula kwa kudonoa. Kwa mwanzi wa babu kila mdonoo ulifika mkononi. Kwangu, mshipi mnene na nusu kilo ya chuma vilimeza habari zote njiani. Chambo changu cha ugali kililiwa mara tano bila taarifa.

Mara ya sita boya likazama, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ile breki ya juu ya bobini nilikuwa nimeikaza mpaka mwisho, nikiamini ndiyo usalama, kumbe hulegezwa iachie kwenye kama robo ya nguvu ya mshipi, samaki akikurupuka apewe nafasi. Perege wangu hakupewa nafasi yoyote. Alitoka majini kama ametumwa, akapita juu ya kofia ya babu, akaangukia kichakani nyuma yetu. Tulimtafuta robo saa. Babu ndiye aliyemwona, akamshika mkia, akampima kwenye kiganja.

"Huyu hukumvua," akasema. "Umemfukuza ziwani."

Sasa nina 2000, mshipi wa milimita 0.22. Kabla ya kuilipia niliizungusha polepole dukani nikisikiliza kama inakwaruza, nikalegeza breki na kuvuta mshipi kuona kama unatoka laini au kwa kushtukashtuka. Maandishi ya boksi sikuyasoma. Babu aliijaribu mara moja, akatoa perege, akanirudishia. "Hii angalau inajua kuna samaki," akasema, akarudi kwenye mwanzi wake.

Ule mshipi mnene mama watoto ameufunga uani, anaanikia mablanketi, na haujawahi kukatika. Rili ya 6000, bila mshipi, beringi zote 13 zimo, inauzwa. Bei maelewano, risiti asiulizwe mama watoto.